Kawa la Sinia ya Wakwe

Wengine watakwambia walisikia. Mimi nliona, na pua yangu hii ndiyo shahidi. Harufu ya siku ile ilitoka Kibokoni ikafika Shimanzi, madereva wa malori wakafunga vioo!

Ulikuwa mwaka wa mvua za Elnino. Mwanaesha alikuwa fundi wa makawa ya nyasi, na wakwe walikuwa waja kula. Wakiridhika, kijana wao Abdulhalim amuoa Nasiha, binti wa Mwanaesha. Sinia ya wakwe haifunikwi kwa kawa kuukuu, na nyasi zake za kusukia zote zimeoza kwa mvua. Basi akaenda makaburini, akazikata za juu ya kaburi, mbichi, laini. Na kila mtoto wa Mombasa ajua hizo hazikatwi: zamtaja Mungu kwa niaba ya aliye chini.

Kawa likameremeta. Ila lilikuwa vuguvugu, tena latoa jasho.

"Mama, lanuka kwapa," Nasiha akanong'ona.

"Nyamaza! Ni rangi hiyo. Wageni washakaa."

Mzee Ishaq, babake Abdulhalim, tumbo kama tangi la maji, hakungoja sinia ifunuliwe. Akapenyeza mkono chini ya kawa, akachota tonge la pilau, akatia mdomoni.

Akaanza kuvuta unywele. Akavuta, akavuta, hauishi, na kawa likainuka lenyewe, ukatoka uvundo wa papa aliyeoza na maji ya kuoshea maiti, tukaona ndani nyasi zimegeuka nywele, nyeusi, zina mafuta na mba, zimezama kwenye wali, na kila ncha ina funza mnene kama kidole gumba, yuala pilau huku yuacheua.

"Mwaninyoa kichwa," sauti ikatoka mle ndani, "mwafunikia wali?"

Abdulhalim akatapikia birika la kunawia. Unywele ukamzonga babake shingoni.

"Bi Mwanaesha," mzee akakoroma, "nyasi... umezitoa wapi?"

Mwanaesha akisema, posa imevunjika. Akinyamaza, mzee afa.

"Makaburini," akasema, machozi yamtoka. "Nisameheni."

Unywele ukalegea. Ishaq akatema, akasoma Yasini, na Mwanaesha akalirudisha kawa pale pale kaburini. Na posa haikuvunjika: mzee alisema aliyemwokoa kwa kujiaibisha ni mkwe wa kweli.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa moja nlilotia mwenyewe: kawa halikurudi. Mvua ilikuwa imesawazisha makaburi yote, Mwanaesha hakujua kaburi lipi ndilo. Liko darini kwa Nasiha. Kila Ijumaa hulinyoa.