Boti Iliyopanda Jabal Akhdar

Mahfoudh wa Ghubra, mjini Muscat, alikuwa na boti ndogo ya mashine moja, na alikuwa na shemegi. Boti aliipenda. Shemegi, Harub, kaka wa mkewe Masouda, naye alimpenda, lakini si siku ya Ijumaa.

Kila Ijumaa Harub aliiazima boti. Kila Ijumaa aliirudisha tangi kavu, inanuka ngisi. Mahfoudh hakuwa na uso wa kumkatalia. Basi Januari moja aliamua kuificha.

"Utaificha wapi?" aliuliza Masouda. "Boti si pete."

"Kwa binamu yangu Suud, Saiq."

"Saiq, juu ya Jabal Akhdar? Boti, mlimani?"

"Hapo ndipo Harub hatoitafuta."

Kwenye kizuizi chini ya mlima, askari aliitazama gari, akaitazama boti, akasema kwa upole, "Ami, bahari iko nyuma yako."

Suud aliiweka boti nyuma ya zizi la mbuzi. Mahfoudh aliiacha mashine imeinuliwa juu, vile vile ilivyokuwa njiani. Akaifunika blanketi kama mgonjwa, akarudi zake Ghubra. Harub alipouliza, aliambiwa boti imekwenda kupumzika.

Baridi ya Saiq wakati ule inakata masikio. Kuna asubuhi Suud alivunja barafu kwenye beseni la maji ya mbuzi. Maji ya ndani ya mashine hakuna aliyeyawaza.

Mwanzo wa Machi, hewa ya Muscat ilikuwa tamu, si joto si baridi. Mahfoudh aliiteremsha boti kimya kimya, akaishusha majini Mutrah. Alikuwa na Masouda na binti yao Nouf, mwenye mchezo wake wa betri mkononi. Mashine iliwaka mara moja. Mahfoudh akavimba kifua.

"Baba Nouf," alisema Masouda, "mbona kile kitundu cha nyuma hakirushi maji?"

"Kitarusha ikishapata moto."

Walipofika mbele ya Bandari ya Sultan Qaboos, ikasikika, "Pii! Pii!"

"Nouf, zima huo mchezo wako!"

"Nimeuzima zamani, Baba."

Mlio ulikuwa wa mashine yenyewe. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Palepale meli kubwa ya makontena ikatokea mlangoni mwa bandari, ikapiga honi iliyowatikisa vifua. Boti ilikuwa ikielea njiani mwake. Nouf alianza kulia. Mahfoudh alivuta kamba ya kuwashia mpaka mkono ukafa ganzi.

Masouda alivua shali yake nyekundu, akaipunga juu. Boti moja ikageuka, ikaja mbio. Mbele yake alisimama Harub! Boti hiyo alikuwa ameiazima kwa jirani yake, Thani.

"Shikeni kamba!" alipiga kelele. Hakucheka wala hakuuliza. Aliwavuta kando, na meli ikapita.

Ufukweni, Harub aliifungua mashine. Alisoma Urusi zamani, katika mji ambao mto wake huganda.

"Shemegi, kasha la pampu ya maji limepasuka. Boti hii ililala wapi?"

Mahfoudh alitazama viatu vyake. "Saiq."

"Saiq! Na mashine ulii..."

"Nliinua juu. Nkaifunika blanketi."

"Blanketi halisaidii, yakhe. Mashine hii inapozwa na maji. Ukiiacha imeinuliwa, maji yanabaki ndani. Yakiganda yanavimba. Hata chuma kinapasuka."

"Sasa nifanye nini?"

"Kabla ya kuilaza tena, kwanza iwashe huku umeifunga mpira wa maji matamu, yatoe chumvi. Halafu izime, iteremshe, isimame wima mpaka imwage yote. Tazama na oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ibadilishe kabla ya baridi. Na siku ya kwanza ya kuitoa, iwashe nyumbani na ule mpira. Kitundu hakirushi maji? Zima palepale. Usitoke."

Masouda alikohoa. "Mwambie na kwa nini ilikwenda Saiq."

Mahfoudh akakiri, "Nlikuwa naificha usiione wewe, shemegi. Kila Ijumaa unaichukua."

Harub alifuta mikono yake. "Ungeniambia tu, nisije Ijumaa."

"Njoo Ijumaa. Twende pamoja. Lakini petroli yako."

Pampu mpya ikafungwa. Ila Thani naye akajua njia ya Ghubra. Harub aliazima boti yake, naye sasa anataka kuazima ya Mahfoudh. Baridi iliyofuata, Harub mwenyewe ndiye aliyesema, "Shemegi, tuipandishe Saiq."

Safari hii waliisafisha mashine, wakaisimamisha wima, wakaingoja ikauke. Oili ya gia ilikuwa safi. Huko juu beseni la mbuzi liliganda tena, lakini mashine haikuwa na tone la kuganda.

Machi waliiteremsha, wakaiwasha uwani na mpira. Kitundu kikarusha maji mpaka ukutani, na Nouf akapiga makofi. Kesho yake walirudi na samaki wa jodari watatu. Masouda alipika mmoja, akapakua wali.

"Njooni mle!"

"Ngoja," alijibu Mahfoudh. Yeye na Harub walikuwa wamechuchumaa chini ya mashine, wakiitazama. "Bado inadondosha."

"Haya," alisema Masouda. "Mimi na Nouf tunaanza na kichwa."

Wanaume wawili walitazamana. Kichwa cha samaki ndicho walichokuwa wakikitaka wote. Lakini hakuna aliyenyanyuka mpaka tone la mwisho lilipoanguka.