Kikombe cha Majani

Jua lilikuwa linazama Pilipili alipoingia kitaluni kumwagilia maua. Jina hilo wateja walimpa kwa ajili ya ulimi wake, naye hakulikataa. Heri pilipili kuliko asali yenye sumu.

Juu ya gogo lilikaa ua la milimani, jamaa ya nanasi, aliloletewa juzi na kaka yake. Ua hilo hunywea kwenye kikombe cha majani yake, si mizizini. Kaka alilalamika mgongo, basi binti wa Pilipili, wa miaka saba, ndiye aliyelikumbatia kifuani kutoka garini.

"Maji yake usimwage, dada," kaka alisema. "Ongeza ya mvua tu."

Leo kikombe kilijaa viluwiluwi. Pilipili akachemka. Ameua mimea mia ndipo akaijua kazi; nani asiyejua kwamba maji yaliyolala huozesha moyo wa mmea? Akaliinamisha.

Mchanga ukayanywa. Haukulowa.

Baridi ikaingia. Harufu ya ukungu...

Tap... tap... tap...

Mwanamke alisimama mlangoni. Nguo zinachuruzika, sakafu kavu.

"Maji yangu," alinong'ona. "Ua langu limeng'olewa nilipolala."

Kumbe limeibwa! Na kaka aliapa kalinunua!

"Mimi si mwizi!" Pilipili alifoka. "Kadai kwa aliyelibeba!"

"Umesema mwenyewe."

Mlango ukawa mtupu.

Pilipili akapiga simu. "Umelitoa wapi, mshenzi wewe?"

"Juu ya kaburi, dada... Nililiburuta kwa gunia. Niliambiwa nisilibebe."

"Na mgongo?"

Kaka akajikohoza.

"Mgongo ulikuwa mzima, kaka?"

"Nisamehe, dada."

Ndani, mtoto alikuwa analia, mdomo wazi. Mashavu makavu.

"Mama, kiu."

Akanywa jagi. Akanywa la pili. Midomo ikazidi kupasuka.

Alfajiri kikombe cha ua kilikuwa kimejaa. Pilipili akachovya kidole, akaonja.

Vuguvugu. Chumvi.

Kaka alipofika, hakusalimiwa. Pilipili alimbamiza ua kifuani.

"Beba. Kwa mikono yako. Rudisha ulipolitoa, na tone moja lisimwagike."

"Dada, mimi ni damu yako..."

"Na yule ndani ni nani?"

Akaondoka nalo. Hajarudi hadi leo. Mtoto alipata nafuu, lakini akilia, hatoi chozi.

Na juu ya lile gogo, Pilipili hakutazama vizuri siku ile, palibaki chipukizi dogo. Lina kikombe chake.

Kila alfajiri, tone moja.