Omuramba wa Mzee Burhani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Maulida alifagia karakana ya baba yake pale Miembeni, mjini Bukoba. Mzee Burhani alikuwa fundi wa mabati. Enzi hizo za Mwingereza, koroboi na ndoo za nusu ya mji zilipita mikononi mwake, naye akiziunga kwa risasi aliyoiyeyusha juu ya jiko la mkaa.

Lakini mwaka ule jiko lilianza kulala baridi. Mzee aliamka uso umevimba, na jioni miguu haikuingia viatuni. Chakula hakikupanda, tumbo lilimnyonga. Maulida aliogopa sana. Mama yake alikwisha fariki. Baba naye akienda, atabaki na nani?

"Kalishwa kitu huyu," alisema Shangazi Mwamvita, dada yake Mzee. "Na aliyemlisha namjua. Kesho kutwa namshitaki barazani."

Alimaanisha Adventina, mama mmoja Mlutheri wa Rwamishenye. Kila wiki Adventina alimletea Mzee kibuyu cha omuramba, maji matamu ya ndizi yasiyolewesha, kutoka kibanjani, shamba lake la migomba. Sasa watu wa mtaani waliacha kuitikia salamu zake.

Maulida alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Kila kibuyu kilipofika, alijiibia kikombe kizima jikoni, kisha akajazia maji. Kama kibuyuni mlikuwa na sumu, mbona yeye ni mzima? Lakini kusema hivyo ni kukiri wizi, na fimbo ya Shangazi haikuwa na utani. Akanyamaza, na kila alipomwona Adventina akipita ameinamisha kichwa, aligeuza uso.

Siku iliyofuata walimpeleka Mzee hospitali. Daktari Mutalemwa, mzaliwa wa Kagoma huko Muleba, alimpima, akaketi mbele yake.

"Mzee wangu, figo zako zinaharibika, na hazikuanza jana. Nikitibu uvimbe tu bila kujua kinachozila, utarudi hapa umebebwa. Unakunywa gongo?"

"Astaghfirullahi. Mimi ni Mwislamu, daktari."

"Ni sumu ya omuramba," Shangazi alidakia. "Mwanamke mmoja humletea."

"Nani mwingine huunywa?"

"Hakuna. Ni wake peke yake."

Maulida alimtazama baba yake, macho yamefunikwa na uvimbe, pumzi inamsumbua.

"Hata mimi huunywa," alisema. "Huiba kila wiki, kwenye kibuyu."

Shangazi aligeuka kama aliyemwagiwa maji. Daktari alimzuia kwa mkono.

"Mwache mtoto," alisema, akamgeukia Maulida. "Baba yako naye hunywa kwenye kibuyu?"

"Hapana. Nammiminia kwenye kopo kubwa aliloliunga mwenyewe. Yeye hukamulia ndimu humo, nao omuramba hulala mpaka kesho yake."

"Ameliunga kwa kitu gani?"

"Kwa risasi," alijibu Mzee mwenyewe kwa sauti ndogo.

Daktari alimfunua mdomo. Kando ya meno, ufizi ulikuwa na mstari wa rangi ya wino.

"Ndiyo hii," alisema. "Risasi ni sumu. Ukali wa ndimu umeitoa kwenye maungio, nawe ukainywa miaka yote. Tena unavuta moshi wake karakanani, na unakula bila kunawa. Mama wa watu hana kosa."

Kopo lile lilitupwa siku hiyo hiyo. Karakana ilitobolewa madirisha mapana, jiko la kuyeyushia likahamishiwa uani, na Mzee akazoea kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Uvimbe ulipungua polepole. Daktari hakuwadanganya: sehemu ya figo iliyokufa hairudi, ila iliyobaki ingemtosha akiitunza.

Maulida alingoja fimbo kwa hofu, lakini haikuja. Shangazi alijitanda khanga, akamshika mkono, wakapanda njia ya Rwamishenye.

"Kuiba ni vibaya, na usirudie," Shangazi alisema njiani. "Lakini nisikilize. Mimi nilisema sana nisilolijua, wewe ukanyamazia ulilolijua. Katikati yetu baba yako alikuwa anakufa, na mtu mwema anachukiwa. Ukiwa na neno la kweli, litoe mapema, hata kama litakuletea fimbo."

Walimkuta Adventina akipalilia migomba. Shangazi, ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi mbele ya mtoto, alipiga magoti kwenye udongo mbichi. Maulida naye akapiga magoti kando yake.