Masanduku Matatu ya Doktari Kroll

Simu ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena.

Uweso aliinua mkono wa simu nyuma ya duka la vitambaa, pale Mabawa.

"Katani imekauka?" sauti ya mkuu wake iliuliza.

"Imekauka. Wanafunga marobota."

"Iache itoke mjini. Nataka na mpokeaji wake."

"Yuko wapi?"

"Mkwaja. Mwenzako Miraji anamngoja na boti ya forodha. Wewe fuata mzigo."

Simu ikakatika.

Uweso alipachika bastola yake ya Webley chini ya koti, akatundika kamera ya Leica shingoni, akatoka. Mwaka ule wa 1956 wachache walijua kuwa kulikuwa na kikosi cha siri cha kuwinda wafanya magendo wa pwani. Wachache zaidi walijua kuwa mkali wa kikosi hicho alikuwa huyu kijana wa Pangani, mtoto wa msomaji maulidi. Kwa majuma kadhaa alikuwa amejifanya mpiga picha wa kanisa la Kilutheri la Betania, pembezoni mwa mji, lililokuwa likijiandaa kutimiza miaka hamsini.

Na kwa majuma hayo yote alikuwa akimvumilia Doktari Kroll.

Doktari Albrecht Kroll alijiita mwanahistoria. Alishuka Tanga na barua zenye mihuri, miwani ya dhahabu na jasho lisilokauka. Akasema ataandika historia ya kanisa. Akasema vitabu vya zamani vya ubatizo, ndoa na maziko vipelekwe Ulaya vikapigwe picha, visije vikaliwa na mchwa. Wazee wa kanisa wakampigia makofi.

Uweso alimdharau tangu siku ya kwanza. Msomi gani anafunua kitabu cha mababu za watu kwa kidole kilicholambwa, kama anayehesabu ngozi za mbuzi?

Asubuhi ile masanduku matatu yalikuwa yamepangwa kwenye baraza ya ofisi, yamepigwa lakiri nyekundu. Kando yake alisimama Manase, karani wa kanisa, ndani ya suti mpya ya sufi. Suti ya sufi, katika joto la Tanga!

"Bwana Doktari asema mtu mweusi hajui kutunza karatasi," Manase aliwatangazia wazee, kwa fahari, utadhani yeye kazaliwa Hamburg.

Mwanamke mmoja akapenya mbele. Alikuwa Mama Yudith, mzee wa kanisa, Mbondei, mjane wa mkata mkonge.

"Nifungulie sanduku lenye kitabu cha maziko ya zamani," alisema. "Nataka kuaga."

"Lakiri haivunjwi, mama," Manase alijibu.

"Unamuaga nani, mama?" Uweso aliuliza taratibu.

"Binti yangu Lea. Alikufa hajaota meno. Makaburi ya shambani wameyalima, wamepanda mkonge juu yake. Jina lake limebaki humo tu."

Kroll alicheka puani. "Mama, historia ni mambo makubwa. Si kila kichanga."

Uweso aliinua kamera.

"Tabasamu, Doktari."

Akabonyeza. Sura ile ingehitajika polisi.

Masanduku yakapakiwa kwenye lori la Bedford lililochorwa msalaba mlangoni, kati ya marobota ya katani. Manase akashika usukani, Kroll akakaa kando yake, lori likaondoka. Uweso alikwenda kwenye pikipiki yake ya BSA. Ili asionekane ana haraka, akanunua njugu kwa Chiku, msichana aliyeuza pale njia panda.

Akaikunjua karatasi ya njugu.

Wino wa zamani. Mwandiko wa kulala. *Praxeda, binti wa Ernesti, mkata mkonge. Amebatizwa siku ya Pasaka.*

Akaiinua kumwonyesha msichana.

"Chiku, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Kaniuzia yule wa suti. Ana lundo zima nyuma ya jiko la kanisa. Kwani kaiba?"

Basi vitabu havikuwa ndani ya masanduku. Walikuwa wamevichana, wakavifanya vifungio vya njugu, ili wapate nafasi ya kitu kingine.

Uweso alirudi mbio hadi barazani.

"Shikamoo mama. Nenda nyuma ya jiko, sasa hivi. Vitabu vyenu viko kule. Mtu yeyote asiwashe moto."

Mama Yudith alijifunga kanga kiunoni, akaondoka kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana.

BSA ikanguruma.

Barabara ya Pangani ilikuwa vumbi tupu. Kwenye kizuizi, askari waliuona msalaba na lakiri, wakapiga saluti. Hakuna aliyethubutu kufungua masanduku ya Mungu. Kroll aliwapungia mkono kama askofu.

Maili chache mbele, aliiona pikipiki nyuma yake.

Akajitokeza dirishani, akakata kamba, robota la katani likaporomoka kutoka kwenye lori. Likadunda, likapasuka. Uweso alikata kushoto, akaingia katikati ya mistari ya mkonge. Miiba ikamchana koti, ikamchana paja. Alitukana kwa Kidigo, akakaza mwendo.

Alipofika Pangani, pantoni ilikuwa imeanza kuiacha gati. Lori lilikuwa juu yake, pamoja na wachuuzi wa nazi na mbuzi wao.

Uweso hakufunga breki.

Pikipiki iliruka ule upenyo wa maji, ikaanguka ubavu kati ya matenga ya nazi. Watu wakapiga mayowe. Kroll alishuka lorini na bastola ya Luger mkononi.

"Mpiga picha," alisema. "Nilijua hujui hata kupima mwanga."

"Na wewe hujui historia. Tuko sawa."

Risasi ikatoboa tangi la BSA. Uweso alibingirika chini ya lori. Hakuweza kuijibu, nyuma ya Kroll walikuwapo akina mama na watoto. Kroll akazunguka nyuma ya lori kumtafuta, ukingoni mwa pantoni. Uweso akaliona gogo lililozuia gurudumu la nyuma. Manase, kwa woga, alikuwa amesahau breki ya mkono.

Uweso alilipiga gogo teke.

Bedford likarudi nyuma hatua moja. Ikatosha. Bodi yake ilimsukuma Doktari kifuani, miwani ikaruka upande wake, na mwanahistoria akaingia mto Pangani kwa makalio.

Hakujua kuogelea.

Mabaharia walimvua kwa upondo, wakimcheka waziwazi. Manase alikuwa amepiga magoti, suti yake imelowa mavi ya mbuzi.

"Nilidanganywa, bwana wangu!"

"Mimi si bwana wako. Umeuza wafu wa kanisa lako. Nyamaza."

Uweso alivunja lakiri. Sanduku la kwanza: pembe za faru, zimeviringishwa katani. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na kitabu kimoja kizima cha maziko juu, cha kuzugia macho, na chini yake pembe.

Simu ya boma la Pangani ilikuwa na mikwaruzo.

"Miraji, ni mimi Uweso. Mpokeaji?"

"Tunaye. Kavaa kola ya mchungaji, mshenzi."

"Boti yake?"

"Imefungwa kamba."

"Njoo uchukue wengine wawili."

Kroll, amejifunika blanketi la polisi, alikuwa angali akidai heshima. "Mimi ni msomi! Mnaua kitabu!"

Uweso aliufungua mkoba wa Doktari. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa. Jina la Kroll kwa herufi kubwa. Chini yake, shukrani kwa mkewe. Basi.

Aliirudisha mkobani.

Jua lilikuwa limeinama alipofika Betania kwa Land Rover ya polisi. Nyuma ya jiko, Mama Yudith na wanawake wa kanisa walikuwa wakinyoosha karatasi kwa pasi za mkaa, wakizipanga kwa miaka. Chiku alikuwa pale pia. Alikuwa amepita mtaa mzima akidai vifungio vyake kwa wateja.

Uweso alimpa Mama Yudith kile kitabu kizima.

Mama alikiweka mapajani. Alifunua polepole, kidole kikishuka kwenye mistari, hadi kikasimama.

"Lea," alisoma. "Binti wa Methusela na Yudith."

Alisoma mara ya pili, kwa sauti, wenzake wasikie. Pasi zote zikatulia.

Hakumshukuru Uweso. Alimtazama tu lile paja lililochanika.

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Kuna ugali wa bada na samaki. Kaa."

"Nimeitwa kwingine."

Akainamisha kichwa kwa heshima, akafunga kifungo kimoja cha koti lake lililochanika, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, mikono mfukoni, bila haraka.

Nyuma yake sauti za wanawake zilianza kusoma majina, moja baada ya jingine.