Aliyeitika Bila Kuitwa

Nilifuta maneno ya mwanamke mzee, na kabla sijapata moyo wa kumwambia, akafa. Naanza na hilo ili usije ukasema baadaye kwamba nilikuficha. Mola amelijua tangu siku ile. Nawe lijue, kisha unisikilize.

Aliyepatwa ni dada yangu, si mimi, na hilo nalo sijalielewa mpaka leo. Dada alikuwa mpiga chapa katika maktaba ya wilaya, nami nilifanya kazi palepale. Maktaba ilitaka kukusanya masimulizi ya wazee wa pwani yetu kabla hawajaondoka nayo, nami nikakabidhiwa kinasa sauti kwa sababu, kama alivyosema mkuu wetu, nilikuwa mtu pekee pale ambaye hakuwa amewahi kuvunja kitu. Wazee walikuja chumba cha nyuma mmoja mmoja, wakakaa kwenye kiti chenye mto, wakasimulia. Mimi nilinasa. Dada alivaa hedifoni, akaandika neno kwa neno.

Wanawake wa zamani wa kwetu waliishi kwa makumbi ya nazi. Waliyafukia kwenye matope ya ufukweni, yakaoza miezi mingi, kisha maji yakipwa wakaenda kuyafukua, wakayaponda kwa mti mpaka zikatoka nyuzi zake, usumba, wakasokota kamba. Kazi ile inanuka. Mama yetu alitulea kwayo, na hadi leo nikikumbuka utoto, naukumbuka kwa pua.

Mama alikuwa wa kwanza kunaswa. Akaeleza utaratibu wao: matope yale yana mashimo, na maji yakianza kurudi hayabishi hodi, kwa hiyo hakuna aliyeondoka mpaka mwita aite. Mwita alisimama mahali pakavu akataja jina la kila mmoja, na kila mmoja akajibu, "Nipo," huku akitoka. Asiyejibu alirudiwa. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa mwita wao, akatuigizia pale kitini, akayataja majina ya wenzake, na kila jina akalijibia mwenyewe kwa sauti tofauti, sisi tukicheka.

Siku ya pili dada aliniita mezani kwake.

"Mdogo wangu, jana ulifunga dirisha?"

"Nilifunga. Kwani?"

"Basi nani huyu anayedandia maneno ya mama?"

Nikavaa hedifoni. Mama alimaliza majina, akanyamaza. Kisha kwa mbali, kama mtu aliye upande wa pili wa uwanja mpana, mwanamke akasema, "Nipo."

"Muuza maandazi," nikasema.

"Muuza maandazi gani anapita kimya, anasema nipo, anaenda zake? Huyo hataki kuuza."

Tukacheka. Lakini wiki ile walikuja wanawake wengine, na kila mmoja alipofika kwenye habari za mwita, alitaja majina yaleyale, na mwisho wa majina sauti ile ikaitika. Kila mara ilikuwa karibu zaidi. Kwa yule wa mwisho ilisikika kana kwamba msemaji yuko nyuma ya kiti, na dada alivua hedifoni akageuka kuangalia.

Ndipo akaja Bibi Nyundo. Walimpa jina hilo ujanani kwa vile alivyoponda makumbi. Alikaa, akanitazama sana.

"Wewe ni mtoto wa mwita."

"Ndiyo, bibi."

"Basi toka nje. Nina maneno siwezi kuyasema mbele ya uso unaofanana na wake. Nitasema na mashine. Mashine haina mama."

Nikawasha, nikatoka. Alipofungua mlango alikuwa amelia, ila alitembea kama mtu aliyetua mzigo. Akanishika mkono. "Nimelitaja jina lake, mjukuu wangu. Limepata mahali pa kukaa. Nitalala usingizi leo."

Sikumuuliza jina la nani.

Dada hakufika hata nusu ya maneno yale. Alinijia uso umempauka. "Kuna mtu waliyemwacha kwenye matope," akasema. "Na mwita alikuwa mama. Njoo usikilize."

Nikasikiliza mwanzo tu. Nilisikia Bibi Nyundo akisema, "Siku hiyo mama wa watoto hawa aliita kila mtu isipokuwa," nikabonyeza, nikafuta. Dada akanishika mkono nikauondoa. Nikamwambia mama ni mzee, mama ni mtu wa msikitini, watu watayasoma haya na wajukuu wake watanyooshewa kidole. Nikamwambia Mungu anapenda mwenye kusitiri. Aya za dini huja haraka mdomoni mtu anapotaka kujificha nyuma yake.

"Unamsitiri mama," dada akasema, "au unajisitiri wewe?"

Bibi Nyundo alizikwa kabla ya mwezi kuisha. Tangu nilipofuta, sauti ile ilitoweka katika masimulizi yote. Tulirudia ya mama, tukarudia ya wenzake. Kimya. Kwa ujinga wangu nikamshukuru Mungu, nikidhani imeondoka. Kumbe ilikuwa imekosa tu mahali pa kukaa.

Ilianza nyumbani, jua likiwa bado lipo. Tulikuwa tunakula, mimi, mama na dada, na hakuna aliyezungumza. Dada akainua uso kuelekea mlangoni akasema, "Nipo."

"Nani kakuita?" mama akauliza.

"Sijasema kitu, mama."

Mama akaliweka tonge chini. Hakula tena jioni ile, wala hakutuambia kwa nini.

Kisha ikaja harufu. Kwanza katika nguo za dada, tukadhani ni unyevu wa kabati. Ikaingia kwenye mto wake, kwenye maji ya mtungi, mpaka mkuu wa maktaba akamwomba kwa adabu apumzike nyumbani, kwa sababu wasomaji walikuwa wanahama meza. Ilikuwa harufu ya makumbi yaliyofikia kufukuliwa. Na kila jioni, maji ya bahari yalipoanza kurudi, dada aliacha alichokuwa akifanya, awe anafua, awe anaswali, akaitika kwa sauti isiyokuwa yake, sauti ya mwanamke mchangamfu anayetaka wenzake wajue kwamba hana kinyongo, na asipojibiwa aliitika tena, na tena, kila mara kwa uchangamfu uliopungua kidogo, mpaka ile ya mwisho ikawa si kuitika tena bali kuomba, na hapo miguu yake, iliyokuwa juu ya sakafu kavu ya chumba chetu, ilikuwa na tope jeusi hadi magotini.

Jioni moja hatukumkuta chumbani. Nikakimbilia ufukweni nikamwona mbali, kwenye mashimo ya zamani yasiyofukiwa kitu miaka mingi, amezama mpaka mapajani, maji yakimzunguka, naye ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake. Nilimvuta huku nikisoma kila dua niliyofundishwa, hata za kula na za kusafiri, kwa kuwa nyingine zilinitoka kichwani. Alipotoka aliniambia kwa sauti yake mwenyewe, taratibu kabisa, "Mdogo wangu, usiniache. Safari nyingine sitaweza kutoka."

Tukamwita maalim, mtu mpole anayesomea wagonjwa na hapokei kitu. Alimsomea dada tangu adhuhuri, kisha akatutoa barazani.

"Maiti harudi," akasema. "Msiamini hayo. Lakini matope yana wenyewe. Kuna jini alimkuta mtu pale akisubiri kuitwa, akakaa naye mpaka akakata roho, na kazi ya yule mtu ameirithi yeye. Hana neno jingine, ni hilohilo. Namsomea, anasogea, kisha anarudi, maana hajaambiwa atoke." Akamgeukia mama. "Mama, nani alikuwa hajaitwa?"

"Mimi sijui mambo ya majini," mama akasema.

"Sijakuuliza majini. Nimekuuliza mtu."

Mama akajifunika ushungi. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia yote, kwamba Bibi Nyundo alisema na mimi nikafuta kwa ajili yake. Nilidhani atanibariki. Akanitazama kama vile nimempiga kofi.

"Alisema?" akauliza. "Yule alikuwa na moyo kunishinda."

Kisha akasema, akiangalia sakafu. Alikuja mwanamke kutoka mbali, peke yake, akaomba shimo. Wakampa la mwisho, lililo karibu na maji. Kamba zake zikawa laini kuliko za wote, mnunuzi akawa anaanza na zake. Wakakubaliana kumnunia. Hawakutaka afe, mama alirudia hilo, walitaka tu ajue yeye ni nani. Siku ile mama aliita majina yote akaliruka lake.

"Akafanyaje?" maalim akauliza.

"Aliitika." Mama akafuta pua. "Hakuitwa, lakini aliitika. Alisema nipo, kama vile anatania. Tukacheka, tukajitwisha mizigo, tukaenda. Akasema tena. Tulimsikia mpaka njia panda. Mimi nilijua shimo lake ni baya. Nilisema moyoni, atatoka tu."

Maalim akainuka, akatuongoza mpaka ndani, akamweka mama mbele ya dada. Maji yalikuwa yanarudi. Dada akainua uso.

"Nipo."

"Mwite," maalim akamwambia mama. "Mwite kwa jina lake kama ulivyowaita wengine, umwambie atoke, twende."

Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Nilimwona akitafuta, macho yakienda huku na huku, kama mtu aliyeweka ufunguo mahali salama akapasahau.

"Tulimwita Mgeni," akasema.

"Hilo si jina. Jina lake, mama."

"Alitutajia siku ya kwanza." Machozi yakamtiririka. "Sikulishika. Nilikuwa na haja nalo gani? Mgeni! Mgeni, toka, twende!"

Mdomo wa dada ukafunguka, ukabaki wazi bila midomo kutikisika, na kilichotoka safari hii hakikuwa lile neno. Kilikuwa kicheko, cha wanawake wengi vijana, kikienda mbali taratibu kama watu wanaoondoka na mizigo kichwani, na kati ya vicheko vile nilikitambua kimoja. Nimekisikia tangu tumboni.

Mama alianguka. Aliamka, lakini hajacheka tena tangu siku ile.

Wenzake wachache walio hai tumewauliza, nao wanakumbuka Mgeni tu; wengine wote wamekufa. Tumewauliza na watoto wa waliokufa. Walisikia habari za Mgeni, jina hawakusikia. Aliyelikumbuka alilitaja kwa mashine, nami nililifuta kwa kidole hiki. Maalim anakuja, anasoma, dada anapata siku za kupumua. Lakini tope likikauka miguuni siku hizi halitoki lote, na kila jioni linapanda kidogo. Sasa limefika kiunoni. Mama anakaa mbele yake, anajaribu majina, yote anayoyajua ya wanawake, moja baada ya jingine, na baada ya kila moja anasubiri. Dada anasubiri pia. Bado hajaitwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza. Huenda kwenu kulikuwa na binti, au shangazi, au bibi, aliyeondoka peke yake kwenda pwani kusokota kamba na hakurudi. Sitaki nasaba yake, wala sikuombi msamaha, hilo nitaliomba mahali pake. Niambie tu alikuwa anaitwa nani.