Mkwe Nyuma ya Pazia

Wenzangu wa Laini Saba, hapa Kibera, na nyinyi wa Kawangware mnaotujua, nyumba nitakayoisimulia ni yangu. Ningeweza kubadilisha majina, lakini mtu anayeficha jina lake katika kosa lake bado hajatubu. Mimi ni Walubengo, fundi wa masanduku ya bati. Nilijifunza kusoma katika madarasa ya ngumbaru, usiku, nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Tangu hapo sikupenda kuambiwa kwamba kuna jambo nisilolijua.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tumekaa mlangoni. Mke wangu Nasike alikuwa akichambua mboga za mrenda, nami nikimsomea gazeti kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yetu.

"Ruka hao wanasiasa," akaniambia. "Nisomee matangazo ya vifo. Hao angalau hawadanganyi."

Tukacheka. Aliposimama kuingia ndani, nikaona damu kwenye kigoda.

Nasike alikuwa na miaka hamsini na minane. Hedhi ilikuwa imemkoma miaka sita iliyopita. Aliifuta ile damu haraka kwa pindo la leso, akanitazama, akajaribu mzaha: "Mwezi ulisahau kitu, umerudi kukichukua."

Wiki hiyo ulirudi tena. Na wiki iliyofuata.

Jirani yetu Apiyo, muuza samaki, ndiye aliyetuelekeza. Alisema kila Jumamosi kuna profesa wa magonjwa ya wanawake anayekuja Kawangware, katika ukumbi wa kanisa, pamoja na wanafunzi wake wa udaktari. Wanawake walimwita Prof tu. Walisema alizaliwa hukohuko Kawangware, mwana wa mlinzi wa usiku, na kwamba kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akitibu saratani za uzazi katika hospitali kubwa na kufundisha madaktari.

"Huyo hakushiki hivi hivi," Apiyo alimwambia Nasike. "Anauliza kwanza, 'Mama, uko tayari?' Usipojibu, mikono inabaki mfukoni. Na wanafunzi wake ni hivyohivyo. Wewe enda, Mama Valentine, usiogope."

Tukaenda. Nasike akaandikishwa, akaitwa, akasogea kwenye pazia. Pazia likafunguliwa. Profesa aliyekuwa amesimama pale na wanafunzi wake alikuwa Shiundu, mume wa Bridgit.

Bridgit ni binti wa marehemu kaka yangu. Sisi ndio tuliomlea, na siku ya mahari Nasike ndiye aliyeketi mahali pa mama. Tulijua kwamba mkwe wetu ni daktari mkubwa, lakini hatukujua kwamba yeye ndiye Prof wa Jumamosi. Na kwetu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawaketi mkeka mmoja. Sembuse kitanda cha uchunguzi!

Nasike alijifunika uso kwa leso, akarudi nyuma. Shiundu naye aligeukia ukuta papo hapo, na bila kugeuka akamnong'oneza mwanafunzi mmoja. Msichana huyo, Kathini, mwenyeji wa Kitui, akatufuata mpaka kwenye benchi.

"Mzee, mama asiende. Mimi nitamwona, peke yangu."

"Wewe ni mwanafunzi wake," nikamjibu. "Utakachokiona utamwambia. Akishaambiwa, si ameona?"

"Mzee, naomba nikueleze..."

"Nimeelewa."

Nasike alinivuta mkono wa koti. "Baba Valentine, mimi huyu msichana ninamkubali."

"Twende," nikasema.

Ndugu msomaji, weka alama hapo. Hapo ndipo nyumba yangu ilipovunjikia. Nilirudi Kibera nikijisifu kwamba nimelinda heshima ya mke wangu, tena kwa hoja ambayo msichana wa chuo kikuu hakuweza kuijibu.

Bridgit alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia, "Mwambie mumeo asizungumzie mwili wa mama yako." Hakupiga tena.

Miezi minane ikapita. Nilinunua dawa za mizizi, nikanunua nyingine. Nasike aliacha kwenda kanisani, kwa sababu ya harufu. Alikuwa akifua vitambaa vyake alfajiri kabla majirani hawajaamka. Mwili uliisha hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Siku moja Apiyo alinisimamisha mbele ya watu.

"Baba Valentine, mimi nauza samaki. Samaki akianza kuharibika, ukimfunika ndio unamharibu haraka. Unangoja nini?"

Nilimwambia aangalie biashara yake.

Mwishowe Nasike alianguka kwenye foleni ya maji, mtungi mkononi. Wanawake wa Laini Saba hawakunisubiri. Walimweka juu ya mkokoteni, wakamsukuma mpaka barabarani, wakamfikisha hospitali kubwa, ile anayofundisha Shiundu. Nilipofika, Kathini alikuwa ameshamchunguza. Hakunilaumu.

"Ni saratani ya mlango wa kizazi, mzee. Imeshika kibofu. Upasuaji hauwezekani tena. Tutampa mionzi, na tutampunguzia maumivu."

Shiundu nilimkuta nje ya wodi. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, macho chini, kama mila inavyotaka.

"Baba, unajua kwa nini ninafundisha?"

"Ili uitwe profesa," nikasema. Nilikuwa na uchungu, nikautupia kwake.

"Ninafundisha kwa sababu kuna wanawake ambao mimi siwezi kuwagusa. Mama ni mmoja wao. Siku ile, kama Kathini angemwona, unadhani mimi ningejua nini?"

"Angekuambia."

"Angemuuliza mama kwanza kama anakubali nisikie. Mama angekataa, na Kathini angempeleka kwa mwalimu mwingine, mwanamke. Mimi nisingejua hata kama ameandikiwa panadol. Hilo ndilo somo la kwanza ninalowapa, kabla hawajamgusa mgonjwa yeyote. Kathini alitaka kukueleza."

"Sikumwacha amalize."

"Najua, baba."

Afadhali angenitukana.

Mionzi ilimpa Nasike miezi minne. Asubuhi moja, Kathini alipokuja kumwangalia, Nasike akamuuliza, "Wenzako wako wapi?"

"Wako nje, mama. Hatukutaka kukusumbua."

"Waite. Waone ugonjwa huu ukicheleweshwa unakuwaje. Kesho watakutana na mwanamke anayeona haya kama mimi, wajue kumbembeleza." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Baba Valentine, kaa hapo. Usiwajibie."

Wakaingia sita. Kila mmoja aliketi chini ya usawa wa kitanda, akauliza, "Mama, uko tayari?" na akangoja. Nasike aliwajibu mmoja mmoja, mara sita, kwa sauti iliyokuwa ikipungua: "Niko tayari, mwanangu." Shiundu alibaki nje, nyuma ya mlango uliofungwa. Mimi nilikaa nilipoambiwa nikae, nikanyamaza.

Tulimzika nyumbani kwetu Kimilili mwezi wa nane.

FUNZO

Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu tena, hata tone moja, aende hospitali wiki hiyohiyo. Si aibu, wala si ujana umerudi. Kathini aliniambia kwamba ugonjwa huu ukikutwa mapema, mara nyingi hutibika.

Mila yetu sikuilaumu wakati ule, na sasa pia siilaumu. Mkwe wangu aliishika kuliko mimi, na bado alikuwa ametafuta njia ya kumtibu mama mkwe wake bila kuivunja. Kilichomuua mke wangu ni ugonjwa, pamoja na mume aliyedhani kwamba heshima ya mkewe ni mali yake, aitumie apendavyo. Nasike alisema, "Ninamkubali." Ilikuwa sauti yake na mwili wake. Mimi ndiye niliyejibu.

Mwanamume unayesoma haya, yaweke chini sasa. Nenda ukamuulize mkeo kama kuna linalomuuma. Kisha mwache amalize kusema.