Wote Wamekubali

Siku za Jumamosi foleni ya falafeli, zile bajia za dengu ndani ya mkate, pale uwanja wa Möllevången huanzia kwenye dirisha la kibanda na kuishia katikati ya meza za wauza maua, na hakuna mtu mzima wa mji wa Malmö anayethubutu kuiruka. Hampus Torell alikuwa wa kumi na moja. Koti lake la kijivu alikuwa amelifunga vifungo mpaka kidevuni, na ndevu zake zilikatwa sawasawa kama nyasi za mbele ya benki.

"Samahani," sauti ilisema nyuma yake. "Wewe uko kwenye foleni au umesimama tu unawaza maisha?"

Aligeuka. Alimwona kijana mrefu mwenye koti la mvua la njano, skafu ya zambarau iliyofumwa na mtu asiyejua kuhesabu vitanzi, na masikio mekundu kwa baridi.

"Niko kwenye foleni."

"Kati yako na huyo mama wa mbele panaweza kupita basi."

"Sipendi kumpumulia mtu shingoni."

"Basi nisogee nikupumulie wewe? Turubai linaishia hapo ulipo. Mvua yote ya Oktoba naila peke yangu huku."

Hampus alicheka kabla hajaamua kucheka. Akasogea. Walipofika dirishani, muuzaji aliwauliza mchuzi gani.

"Mkali," alisema wa koti la njano.

"Changanya," alisema Hampus.

"Ndiyo maana. Mtu wa kuchanganya ni mtu asiyejua kukataa."

"Hunijui hata jina, umeshaanza kunitusi."

"Niambie jina basi nikutusi kwa adabu."

Kijana yule aliitwa Vilgot. Walikula wamesimama, rojo likiwachuruzika vidoleni, wakaagana bila kupeana namba kwa sababu kila mmoja alingoja mwenzake aombe. Hampus alijilaumu Jumapili nzima. Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, wakati wa kahawa, mkuu wa studio yao ya magemu, mama mmoja mpole aitwaye Annelie, aliingia na mwandishi mpya wa hadithi. Lile koti la njano lilikuwa bado linadondosha maji.

"Huyu ni Vilgot, ametoka Umeå, kaskazini kabisa."

"Tumeshaonana," alisema Vilgot, uso mkavu kama biskuti. "Aliniachia nafasi ya basi."

Hampus kazi yake ilikuwa kuunganisha vipande vyote vya gemu, picha, sauti na maneno, viwe kitu kimoja kinachochezeka. Kwa hiyo kila alichoandika Vilgot kilipitia mikononi mwake. Kufika Novemba, Vilgot mwenyewe alikuwa amepita mikononi mwake pia.

"Wewe mzee," Vilgot alikuwa akimwambia kwenye simu, wakiwa mitaa miwili mbali. "Umeshakunja soksi?"

"Nimekunja."

"Kwa rangi?"

"Kwa rangi. Njoo ukague."

"Nakuja. Usile, naleta samaki."

Kitu kimoja tu Hampus aliomba: kazini wawe wafanyakazi wenza na basi.

"Mpaka lini?" Vilgot aliuliza.

"Mpaka nizoee."

Hampus alikuwa na miaka thelathini na minne na alikuwa hajazoea bado. Vilgot alimbusu paji la uso akasema sawa, ila alisema sawa ile ya mtu anayetia alama kwenye kalenda. Desemba alihamia kwa Hampus.

Gemu walilokuwa wanatengeneza lilihusu mvushaji wa mtoni aitwaye Orm na mhunzi aitwaye Brage, wanaokimbia msimu wa baridi usiokwisha. Mwisho kabisa, barafu inapopasuka, wanaume hao wawili wanakumbatiana gatini na kubusiana. Lilikuwa wazo la Vilgot. Utotoni alicheza magemu mpaka vidole vikaota sugu, na watu wa namna yake aliokutana nao humo walikuwa wa kuchekwa, au wa kufa kwanza.

"Nataka wawili tu," alimwambia Hampus. "Wawili tu wafike mwisho wa mchezo wakiwa hai. Mtoto wa Umeå aone inawezekana."

Bajeti ya waigizaji iliisha mapema, ikabidi wafanyakazi wenyewe wavae zile nguo nyeusi za kubana zenye vidoa vya mipira, kompyuta inakili mwendo wa miili yao. Kwenye onyesho la mwisho, Vilgot alijitolea kuwa Brage. Akamwita Hampus awe Orm. Saga, mchoraji, ndiye aliyekuwa kwenye mitambo.

"Hampus, mkumbatie kama mtu," Saga alisema. "Umemshika kama unahamisha jokofu."

Watu wakacheka. Hampus alifumba macho akamkumbatia kama alivyozoea kumkumbatia nyumbani, kiganja kisogoni, kidevu begani, na chumba kikatulia.

"Sasa tumo ndani," Vilgot alimnong'oneza. "Hatuzeeki tena."

Mwezi wa Machi walitoa video ya kulitangaza gemu. Siku mbili hazijapita, maelfu ya wachezaji walikuwa wameandika chini yake. Wengine walishukuru. Wengi waliandika kwamba wamechoka kulishwa uchafu, kwamba gemu ni mahali pa kupumzika, kwamba nani aliwauliza. Kisha ikaja barua ya msambazaji: busu ligeuzwe kuwa kupeana mikono, la sivyo gemu halitauzwa katika nchi kumi na moja.

Vilgot alikuwa Umeå, anamzika bibi yake. Kikao kikaketi bila yeye, watu tisa kuzunguka meza ndefu, thermos ya kahawa na maandazi ya mdalasini katikati. Kazini kwao, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi ile, kura hazipigwi. Mkuu anaeleza jambo, kisha anauliza kama kuna anayepinga. Akiwepo hata mmoja, jambo linasimama, jina lake na sababu yake vinaandikwa, wanakaa tena wiki inayofuata. Asipokuwepo, basi limekubaliwa.

Annelie alieleza kwa huzuni ya kweli. Ajira za watu arobaini, alisema.

"Kuna anayepinga?"

Saga alitazama dirishani. Hampus alitazama andazi lake. Alihisi neno limefika kooni, na nyuma ya neno lile aliona maswali yote ambayo lingeyavuta: kwa nini wewe, Hampus, inakuhusu nini? Alihesabu punje za sukari. Alifika kumi na nne.

"Asanteni," alisema Annelie.

Muhtasari wa kikao hutumwa kwa wote, hata walio msibani. Vilgot aliusoma akiwa kwenye treni ya kurudi kusini. Simu ya Hampus ililia saa kumi jioni.

"Pameandikwa wote wamekubali," alisema Vilgot. "Nimesoma majina. Na wewe umo."

"Sikukubali. Nilinyamaza."

"Hampus, wewe na mimi tumezaliwa nchi moja. Kunyamaza ni nini?"

"Nisikilize, roho yangu. Sijafuta kitu. Nimezima tu. Onyesho lote lipo ndani ya gemu, lina swichi, na swichi ninayo mimi. Msimu wa mauzo ukipita naiwasha kimyakimya."

"Kwa hiyo tumo, ila tumezimwa."

"Kwa muda."

"Nimezoea basi. Kazini nazimwa. Mama yako akija nazimwa, naitwa mpangaji. Ijumaa nawashwa, nakaanga samaki."

"Hiyo si haki."

"Sikutaka ushinde, mpenzi. Nilijua huwezi kushinda. Nilitaka useme, wakuandike."

"Ukifika tuongee. Nitakusubiri stesheni."

"Nashuka Stockholm," alisema Vilgot. "Nageuza."

Hampus alisubiri stesheni hata hivyo, treni tatu. Vitu vya Vilgot vilichukuliwa na dada yake, mwanamke mwenye macho yaleyale, ambaye hakukubali hata glasi ya maji. Barua ya kuacha kazi ilikuja kwa Annelie, mistari miwili.

Gemu lilitoka mwezi Mei. Lilisifiwa. Mtu mmoja aliandika gazetini kwamba urafiki wa Orm na Brage ni mzuri mno, na kwamba kupeana kwao mikono pale mwisho kunatoa machozi. Hampus alisoma makala hayo mara nne. Kila wiki alimwandikia Vilgot: subiri Oktoba. Vilgot hakujibu, ila hakumzuia kuandika.

Oktoba ilifika. Siku ya Alhamisi, wenzake wakiwa kwenye chakula cha mchana, Hampus alifungua gemu kwa ndani akaenda mahali alipoificha swichi. Palikuwa patupu.

Alitafuta saa nzima, jasho likimlowesha kwapa, mpaka akaikuta sababu, na sababu ilikuwa na jina lake. Miaka mitano nyuma alitunga programu ndogo ya usafi ili magemu yao yasiwe mazito: kitu chochote kilichozimwa siku tisini, kifutwe. Programu ile haikupumzika. Ilifuta busu, ikafuta gati, ikafuta mwendo wa miili miwili iliyokumbatiana, kisha ikapita kwenye nakala za akiba moja baada ya nyingine. Alikuwa ameitunga vizuri mno.

Mwezi uliofuata walianza gemu jipya. Saga alikuwa amechora soko, na kwenye kona ya soko wanawake wawili wameshikana mikono. Si wahusika, wapita njia tu. Annelie aliuliza kama inawezekana kuwatenganisha kidogo, mapema, kabla hawajatangaza.

"Kuna anayepinga?"

"Mimi," alisema Hampus.

Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotarajia. Watu waliacha kutafuna.

"Na uandike sababu, Annelie. Andika kwamba mimi ni mwanaume ninayempenda mwanaume. Alikuwa anakaa kiti kile. Mwezi wa Machi nilinyamaza."

Annelie aliweka kalamu mezani, akaichukua tena. "Asante kwa kutuambia," alisema kwa upole, na aliandika kweli, kila neno. Kwenye chumba cha kahawa Saga alikuja akasimama karibu naye, bega kwa bega, akammiminia kikombe. Macho yalikuwa yamemwiva.

Wiki iliyofuata kikao kilikaa watu sita. Hampus hakualikwa.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili, alipiga namba ya Umeå. Hakutegemea kupokelewa.

"Hampus," alisema Vilgot.

"Nimesema. Kikaoni. Nimesema yote."

"Waliandika?"

"Waliandika. Jina langu na sababu."

"Sauti ilitetemeka?"

"Kama ya mbuzi."

Vilgot alicheka, na Hampus alilazimika kuegemea ukuta kwa jinsi alivyokuwa amekikosa kicheko kile. Akamweleza habari za wanawake wa sokoni, jinsi watu sita walivyokaa bila yeye, na sasa kati ya wanawake hao pamewekwa kisima. Kisha, polepole, akamweleza habari za swichi.

"Ile programu niliitunga mwenyewe," alimalizia.

"Kwa hiyo hatumo tena."

"Hatumo."

Alisikia mafuta yakichemka upande wa pili, na kijiko kikigonga ukingo wa sufuria.

"Naweza kuja?" aliuliza Hampus. "Treni ya Ijumaa ina nafasi. Sitakaa kama huna nafasi. Nije tu tuonane."

Kabla Vilgot hajajibu, sauti ya mwanaume, nzito na ya taratibu, iliuliza kutoka mbali kidogo, "Vilgot, chumvi inakaa wapi?"

"Kabati la juu, kushoto," alisema Vilgot, mdomo ukiwa mbali na simu. Kisha akarudi. "Usije, mpenzi."

Neno lilimponyoka kwa mazoea, na wote wawili walilisikia.

"Ulifanya vizuri," aliendelea. "Nasema kweli, najivunia. Ila nilitaka niwe nimekaa pale pale, nakusikia."

"Najua."

"Kula kitu, Hampus."

Simu ilikatika. Hampus alienda jikoni, akaweka viazi motoni kwa sababu ameambiwa ale, na maji yalipoanza kuchemka aliinua mkono kwenye kabati la juu, kushoto. Chumvi ilikuwa hapo. Vilgot ndiye aliyeihamishia hapo mwaka jana, na Hampus hajaigusa kuirudisha.